Mtu wa mpunga akialikwa Fushimi Inari

Swali: Asalaam aleikum. Mimi ni afisa ugani wa kilimo, nafanya kazi na wakulima wa mpunga Moshi. Mwezi wa nane nakwenda Japani, mjini Tsukuba, kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga. Mwishoni mwa Oktoba mzee mmoja wa Kijapani, aliyewahi kufanya kazi kwetu Chekereni, amenialika kwake Kyoto. Anataka kunipeleka Fushimi Inari, anasema mtu wa mpunga hafiki Kyoto akaliacha hekalu hilo. Nimetazama picha nikaona sanamu za mbweha kila mahali na watu wakiziinamia. Mimi ni Mwislamu. Je, wanaabudu mbweha? Naweza kwenda nisiingie kwenye ibada yao na nisimvunjie heshima mwenyeji wangu? Na mbona wengine wanaliita hekalu la mpunga, wengine la biashara? Nimpelekee mzee zawadi gani?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Nenda. Na kama ratiba yako inaruhusu, mwombe mzee akupeleke tarehe 25 Oktoba. Siku hiyo huvunwa mpunga wa shamba dogo lililomo ndani ya eneo la hekalu lenyewe. Ni shamba halisi, lenye majaruba, si pambo. Mbegu zake humwagwa kitaluni kwa sherehe tarehe 12 Aprili, miche hupandikizwa tarehe 10 Juni huku wasichana wakicheza ngoma ya polepole kando ya maji, na Oktoba wavunaji waliovaa mavazi ya kale huingia na mundu. Mchele mpya hutolewa kama sadaka katika sherehe ya tarehe 23 Novemba, na mabua yake huchomwa tarehe 8 Novemba. Watalii wengi hufika wakapita chini ya malango mekundu, wakapiga picha, wakaondoka bila kujua kwamba kalenda nzima ya mahali pale inafuata msimu wa mpunga. Wewe utaijua bila kuambiwa.

Tuanze na mbweha, maana ndio waliokutia wasiwasi. Hapana, hawaabudiwi. Anayeabudiwa pale anaitwa Inari, na kwa maelezo rasmi ya hekalu ni miungu watano wanaohesabiwa pamoja, mkuu wao akiwa Ukanomitama no Okami, mwenye kusimamia nafaka na chakula. Sanamu ya mungu mwenyewe huioni. Katika Shinto, dini ya asili ya Wajapani, kinachohesabiwa kuwa makao yake hufichwa ndani kabisa ya jengo kuu. Mbweha ni mjumbe tu, tarishi kati ya mungu na watu, na wanaamini kwamba mbweha huyo ni mweupe na haonekani kwa macho ya binadamu. Maelezo yanayotolewa sana juu ya asili yake ni kwamba wakulima walimwona akishuka mashambani msimu wa mavuno kuwinda panya wala nafaka, wakamhesabu mlinzi wa mpunga.

Zitazame sanamu zile midomoni. Mmoja ameuma suke la mpunga, mwingine ufunguo, mwingine kito cha mviringo, mwingine hati iliyokunjwa. Ufunguo ule ni wa ghala la nafaka. Sanamu iliyouma ufunguo huwapita wageni wengi bila kuielewa, lakini mtu aliyewahi kusimamia ghala la ushirika, akijua maana ya kukabidhiwa funguo za mchele wa watu, ataisoma mara moja.

Ni kweli pia kwamba katika imani za watu wa kawaida mambo yamechanganyika. Kwa karne nyingi Inari aliunganishwa na Dakiniten, kiumbe wa Kibudha anayechorwa akiwa juu ya mbweha mweupe, na hadi leo Toyokawa Inari, lililo maarufu sana katika mkoa wa Aichi, ni hekalu la Kibudha la madhehebu ya Zen. Serikali ya Meiji ilitenganisha Shinto na Ubudha kwa amri mwaka 1868. Amri hiyo ilibadili majengo na makuhani kwa haraka kuliko ilivyobadili mioyo ya watu. Basi ukimwona bibi mmoja mlimani anaweka vipande vya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya kukaanga mbele ya sanamu ya mbweha, jua anamwekea mjumbe chakula ambacho mapokeo yanasema anakipenda.

Sasa swali lako kuhusu mpunga na biashara. Pande zote mbili zinasema kweli, na historia ndiyo inayoziunganisha.

Hekalu linahesabu mwanzo wake kuwa mwaka 711, na mwanzilishi anayetajwa ni Hata no Irogu. Ukoo wa Hata ulikuwa wa wahamiaji waliotoka upande wa rasi ya Korea, na wewe unayekwenda kusomea mpunga una sababu ya kuwafahamu. Walileta ufugaji wa nondo wa hariri na ufumaji, na walijulikana kwa ujuzi wa kutawala maji. Wanatajwa kujenga banio kubwa katika mto Katsura, magharibi ya Kyoto, ili maji yapelekwe mashambani. Ukifika Arashiyama, karibu na daraja la Togetsukyo, utaona banio likikatiza mto. La sasa ni la zege, lakini kazi yake ni ile ile ya kugawa maji. Mwombe mzee akupitishe huko pia. Waliolianzisha hekalu la mpunga walikuwa watu wa mifereji.

Kisa cha mwanzo kimeandikwa katika kumbukumbu za kale za jimbo la Yamashiro, yaani eneo la Kyoto ya leo. Irogu alikuwa tajiri wa mpunga kupita kiasi. Mali ikamlevya, akachukua keki ya mchele uliopondwa, ile inayoitwa mochi, akaifanya shabaha ya mishale. Alipoipiga, keki ikageuka ndege mweupe, ikaruka hadi kilele cha mlima, na pale ilipotua mpunga ukaota. Ndipo hekalu likajengwa. Kisa hakiishii hapo, na sehemu inayofuata ndiyo naipenda zaidi: vizazi vyake vilijutia kosa la mzee wao, wakang'oa mti wa hekaluni wakaupanda nyumbani. Mti ukishika, heri. Ukinyauka, hakuna heri. Mpaka leo, katika sikukuu ya kuanzishwa kwa hekalu, siku ya kwanza ya Farasi ya mwezi Februari (kwa hesabu yao ya kale siku huitwa kwa zamu majina ya wanyama kumi na wawili), waumini hupewa tawi la sugi, mwerezi wa Kijapani, wakaenda nalo nyumbani.

Kwetu mtoto akichezea wali hukemewa na yeyote aliye karibu, hata jirani. Hekalu hili, kwa hadithi yake lenyewe, lilizaliwa kutokana na mtu aliyechezea chakula. Kwa hiyo anayekwambia ni mahali pa watu wenye tamaa ya pesa hajafika kwenye mzizi wake. Neema inayoombwa pale ina masharti tangu siku ya kwanza.

Biashara iliingiaje? Iliingia kwa sababu mpunga wenyewe ulikuwa ndio pesa. Katika enzi ya Edo, kuanzia mwaka 1603 hadi 1868, kodi ya mkulima ililipwa kwa mchele, na mishahara ya samurai, tabaka la wapiganaji, ilihesabiwa kwa mchele. Kipimo kilikuwa koku moja, yaani lita 180 hivi, karibu kilo 150, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Bwana wa eneo hakuitwa daimyo mpaka ardhi yake ihesabiwe kuzalisha koku 10,000 au zaidi. Samurai alipopokea mchele ilimbidi auuze apate sarafu, na hapo madalali wakatajirika. Mwaka 1730 serikali ililiidhinisha rasmi soko la mchele la Dojima mjini Osaka, ambako watu walinunua na kuuza mchele ambao ulikuwa bado haujavunwa, kwa hati tu. Basi dalali wa Osaka angemwomba nani kama si mwenye mpunga? Kutoka kwake imani ikaenda kwa mwenye duka, kwa fundi, kwa mwigizaji wa tamthilia. Inari akawa mungu wa kila anayetafuta riziki, na leo mahekalu yake nchini Japani yanakadiriwa kuwa 30,000 hivi, mengine madogo kama kabati, yamewekwa juu ya mapaa ya maduka makubwa ya Tokyo. Fushimi ndilo kuu lao.

Malango mekundu yametokana na historia hiyo hiyo. Lango moja huitwa torii, na mlimani mzima yapo kama 10,000. Kila moja limetolewa na mtu, familia au kampuni, ama kuomba jambo, ama kushukuru kwa jambo lililotimia. Desturi hiyo ilishamiri enzi ya Edo. Ukipanda utaona rangi tu. Geuka nyuma, au subiri wakati wa kushuka: upande wa pili nguzo moja ina jina la mtoaji na nyingine ina tarehe. Utakuta kampuni za ujenzi, mikahawa, viwanda vya sehemu za magari, watu binafsi. Lango dogo hugharimu laki kadhaa za yen, kubwa hupita milioni. Ni mbao, na miguu yake huoza kwa unyevu wa mlima, kwa hiyo mafundi hawaachi kuyaondoa ya zamani na kusimamisha mapya. Ukiwakuta kazini, simama uwatazame. Wageni wengi huwaona kama wanaoharibu picha, ilhali mlima unasimama kwa kazi yao.

Nije kwenye dhamiri yako. Mimi si shehe, na kuhusu hukumu ya dini mtu wa kumuuliza ni shehe wako. Ninachoweza kukupa ni maana ya kila tendo kwa Wajapani wenyewe, ili ukimuuliza uwe na la kumwambia.

Kuingia ndani ya eneo hakuhesabiwi kuwa ibada. Hakuna kiingilio, na mahali pako wazi usiku na mchana. Kusimama kando ukitazama pia si ibada. Kuinama kidogo kwenye lango la kwanza ni adabu ya kuingia kwa mwenyewe, lakini inaelekezwa kwa mungu wa mahali pale, kwa hiyo ukiona si sawa kwako, pita tu kimya ukitembea pembeni. Kutembea pembeni kuna faida yake: wanaamini katikati ya njia ni mapito ya mungu, na mgeni anayejiweka kando huonekana ana malezi mema.

Kisha kuna kisima cha kunawa. Mtu huchota maji kwa kata, ananawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, anasukutua kinywa kwa maji aliyotia kiganjani, halafu anasafisha mpini. Huko ni kujitakasa kwa ajili ya sala. Usiyesali huna haja nako. Mbele ya jengo kuu ndipo penye ibada yenyewe: mtu hutupa sarafu sandukuni, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huomba kimya, kisha huinama mara moja. Hapo ndipo utakapojitenga. Kutundika kibao cha maombi, kununua hirizi, kuwasha mshumaa mbele ya madhabahu ndogo, yote hayo yako upande wa ibada. Na kama kuhani akipitisha kikombe kidogo cha sake baada ya sherehe, ni pombe ya mchele. Weka mkono kifuani, inamisha kichwa kidogo, utaeleweka.

La kumwambia mzee, mwambie mapema, kabla hamjatoka nyumbani. Usingoje mfike mbele ya jengo kuu ndipo uanze kujieleza huku watu wako nyuma yenu kwenye foleni. Mwambie: "Mzee, nitafurahi sana kuuona mpunga na mlima. Wakati wa sala nitakusubiri pembeni, kwa sababu dini yangu ina sala zake." Mjapani wa umri wake hatashangaa. Wengi wao huenda hekalu la Shinto mwaka mpya, huzikwa kwa taratibu za Kibudha, na hawamdai mgeni akiri chochote. Kinachowaudhi ni kelele, kupanda juu ya madhabahu ili kupiga picha, na kuelekeza kamera ndani ya ukumbi wa sala watu wakiwa wanaomba. Shinto haina shahada ya kuingia wala orodha ya wanaotengwa. Utakuwa mgeni wa heshima aliyesimama kando, basi.

Njiani kuna mambo yatakayokujia. Lango kubwa la kwanza la ghorofa, Romon, lilijengwa mwaka 1589 kwa mchango wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa wakati huo, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa. Nyuma yake lipo jengo kuu, lililojengwa upya mwaka 1499 baada ya la awali kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Onin. Kisha unaingia katika safu mbili sambamba za malango yaliyosongamana, Senbon Torii, na hapo ndipo watu wamejaa mpaka hapapitiki, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwombe mzee mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kama mnataka kuona mavuno, tembeeni mlimani kwanza, mrudi chini kwa wakati wa sherehe. Saa yenyewe mzee ataiulizia ofisi ya hekalu.

Msiishie Senbon Torii. Mlima una mita 233 tu, kwa mtu wa Moshi hicho ni kilima, lakini mzunguko wote ni kama kilomita nne za ngazi na huchukua saa mbili hadi tatu. Njia panda ya Yotsutsuji, nusu ya safari, ina mabenchi na mandhari ya mji. Kwa magoti ya mzee wako huenda hapo pakatosha, naye akakusubiri kwa chai. Ukiendelea juu utaingia mahali ambapo hapafanani na picha ulizoona: maelfu ya mawe yaliyosimamishwa na watu binafsi, kila moja limechongwa jina ambalo familia fulani humwitia Inari wao, yamezungukwa na torii ndogo za kushika mkononi, vikombe vya maji, mishumaa, na mbweha wenye vitambaa vyekundu shingoni. Huko juu hakuna kamati iliyopanga. Kila jiwe lina familia iliyolileta na sababu yake. Pita polepole, usiguse kitu. Vibao vitakuonya kuhusu nyani na nguruwe mwitu. Usibebe chakula mkononi.

Chakula chenyewe kiko barabara ya chini, karibu na stesheni. Utaona inarizushi, wali uliotiwa siki na kufungwa ndani ya mfuko wa tofu ya kukaanga. Unaonekana ni chakula kisicho na shaka, mchele na soya, lakini mara nyingi tofu hiyo huchemshwa na mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia, au na sake. Mwachie mzee aulize kabla hujaagiza. Kinywaji kitamu cha amazake kina aina mbili: ya chachu ya mchele, isiyolevya, na ya machicha ya sake, yenye kilevi kidogo. Na yale mashomoro ya kuchoma kwenye vijiti yana maana yake katika mahali pa mpunga, kwa kuwa shomoro ni adui wa masuke, na mkulima yeyote wa Moshi aliyekesha akiamia ndege atakubali. Ila hawakuchinjwa kwa namna yako.

Usafiri ni rahisi. Kutoka Tsukuba unapanda treni hadi Akihabara, unaingia stesheni ya Tokyo, halafu treni ya mwendo kasi, Shinkansen ya Nozomi, hadi Kyoto kwa saa mbili na robo hivi. Kutoka stesheni ya Kyoto ni njia ya Nara ya shirika la reli la JR, kituo cha pili, Inari, dakika tano. Panda treni ya kawaida, inayosimama kila kituo. Ukitoka kituoni, lango liko mbele yako.

Zawadi: najua moyo unakutuma kumpelekea mzee mchele wa Moshi, baada ya miaka yake Chekereni. Acha. Nafaka zinahitaji cheti cha afya ya mimea na ukaguzi, na watakunyang'anya uwanja wa ndege. Mpelekee kahawa ya Kilimanjaro iliyokwisha kukaangwa, nusu kilo au kilo. Jina hilo Wajapani wanalijua vizuri, limeandikwa kwenye pakiti katika maduka yao ya kawaida, na yake itakuwa imetoka kwenye vihamba vya mlima aliokuwa akiuona kila asubuhi akienda kazini. Ongeza picha za majaruba ya sasa, zilizochapishwa kwenye karatasi, si za kwenye simu, na nyuma ya kila moja andika mahali na aina ya mbegu iliyopandwa. Atataka kujua mfereji upi bado unapitisha maji.